Kwa Nini Wanasiasa wa Marekani Waligeuka Kuhusu Ndoa za Jinsia Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mwaka 1996 Joe Biden, akiwa seneta, alipiga kura ya ndiyo kwa sheria iliyozinyima kutambuliwa ndoa za jinsia moja. Tarehe 13 Desemba 2022, akiwa rais, alitia saini sheria iliyoifuta ile ya kwanza. Wako wengi waliopita njia hiyo hiyo, na wasomaji wanaofuatilia siasa za Marekani huuliza maswali yale yale kila kampeni zinapopamba moto. Hukumu ya dini au maadili kuhusu ndoa hizo haimo humu. Yaliyomo ni hesabu za kura: nani aligeuka, lini, na alikuwa akimtazama nani. Mpigakura anayezijua hesabu hizi ni vigumu kumzungusha, ndiyo maana nimeona niziandike kwa kina.

## Misingi

1. Wanasiasa walianzia wapi?

Karibu wote walianzia upande wa kupinga. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya Hawaii ilitoa uamuzi ulioashiria kwamba jimbo hilo lingeweza kulazimika kuwafungisha ndoa watu wa jinsia moja. Warepublican wakaona mwanya. Mwaka 1996 ulikuwa wa uchaguzi, Bill Clinton alikuwa anatetea kiti chake, na Wademokrat walikuwa hawana kauli moja. Warepublican wakapeleka muswada ulioitwa Sheria ya Kulinda Ndoa, uliokataza serikali kuu kuzitambua ndoa hizo na kuruhusu kila jimbo kuzikataa za jimbo jingine. Ulipita kwa kura 342 dhidi ya 67 katika Baraza la Wawakilishi, na 85 dhidi ya 14 katika Seneti.

Clinton aliutia saini usiku wa manane wa kuamkia tarehe 21 Septemba, bila hafla. Wiki chache baadaye kampeni yake ilirusha tangazo kwenye redio za Kikristo likijivunia sheria hiyo hiyo, kisha ikaliondoa baada ya wanaharakati wa haki za mashoga kulalamika. Saini ilifichwa ili wafuasi wake wasiumie, na tangazo likapelekwa mahali walipo wapigakura aliotaka kuwavuta. Nadhani hakuna tukio linaloonyesha mkakati wote kwa uwazi kuliko hilo.

2. Si walifuata tu maoni ya wananchi?

Kwa sehemu, ndiyo. Shirika la Gallup lilipouliza mwaka 1996, asilimia 27 ya Wamarekani waliunga mkono ndoa hizo. Mwaka 2011 waliounga mkono walivuka nusu kwa mara ya kwanza, wakafika asilimia 53. Mwaka 2015 ilikuwa 60, na mwaka 2022 ilikuwa 71. Mabadiliko ya kasi hiyo ni nadra katika jambo linalogusa dini na familia.

Lakini wastani wa nchi haumchagui seneta. Mwanasiasa wa Marekani hupita milango miwili: kwanza mchujo ndani ya chama chake, halafu uchaguzi mkuu. Kwenye mchujo hujitokeza watu wachache, na wengi wao ni wale wenye msimamo mkali zaidi. Kwa hiyo nchi nzima inaweza kuwa imebadilika huku wapigakura wa mchujo wa mtu fulani wakiwa hawajasogea hata hatua moja, naye atakaa kimya. Ukitaka kukisia nani atageuka na lini, waulizie wapigakura wake wa mchujo. Ndiyo sababu Wademokrat waligeuka kwa mkumbo huku Warepublican wakigeuka mmoja mmoja (tazama swali la 7 na la 10).

3. Waliokuwa wakipinga, je, walikuwa wakipinga kutoka moyoni?

Wengine ndiyo, wengine la. Barack Obama ndiye mfano unaojulikana zaidi, na unafaa kutazamwa kwa karibu.

Mwaka 1996 aligombea useneta wa jimbo la Illinois katika eneo la kusini mwa jiji la Chicago, lenye wasomi na waliberali wengi. Alijibu dodoso la gazeti la jamii ya mashoga la Outlines kwa maandishi yaliyopigwa chapa na kutiwa saini yake: anaunga mkono kuhalalisha ndoa za jinsia moja na atapambana na juhudi za kuzipiga marufuku. Mwaka 1998 gazeti lilipouliza tena, akajibu kwamba hajaamua. Mwaka 2004, alipowania kiti cha Seneti ya Marekani na kuhitaji kura za Illinois nzima pamoja na wakulima wake, akasema ndoa ni kati ya mwanamume na mwanamke. Agosti 2008, mbele ya mchungaji Rick Warren katika kanisa la Saddleback huko California, alirudia hivyo na kuongeza kwamba kwake yeye kama Mkristo ndoa ni jambo takatifu.

Mshauri wake mkuu, David Axelrod, aliandika mwaka 2015 kwamba Obama aliunga mkono ndoa hizo muda wote, ila alikubali ushauri wa kuficha kwa sababu makanisa ya watu weusi yangepinga vikali. Obama alijibu kwamba Axelrod alichanganya hisia zake binafsi na msimamo wake wa kisera. Mimi nayatazama majimbo. Kila eneo la uchaguzi lilipopanuka, kauli ilirudi nyuma hatua moja.

Na kauli hizo zilikuwa na gharama kwa watu wengine. Mwaka huo huo wa 2008 wapigakura wa California waliamua juu ya Pendekezo la 8, la kufuta ndoa hizo jimboni. Obama alilipinga rasmi, lakini waliolitetea walisambaza maneno yake mwenyewe kuhusu mwanamume na mwanamke. Likapita kwa takriban asilimia 52, siku ile ile aliyochaguliwa kuwa rais.

## Miaka ambayo kupinga kulileta kura

4. Ni kweli George W. Bush alishinda mwaka 2004 kwa suala hili?

Inasemwa sana, na ukweli wake ni wa nusu. Novemba 2003 mahakama kuu ya Massachusetts iliamua kwamba jimbo haliwezi kuwanyima watu wa jinsia moja ndoa, na Mei 2004 ndoa za kwanza zikafungwa. Februari 2004 Bush alikuwa ameshaomba katiba ya Marekani irekebishwe ili kuzizuia. Siku ya uchaguzi mwezi Novemba, majimbo 11 yaliweka marufuku hiyo kwenye karatasi za kura, na yote 11 yakaipitisha.

Mojawapo lilikuwa Ohio. Marufuku ilipata takriban asilimia 62, na Bush akalichukua jimbo kwa tofauti ya kura kama 118,000. Bila Ohio, John Kerry angekuwa rais. Hapo ndipo ulipozaliwa usemi kwamba suala hili ndilo lililowatoa Wakristo wahafidhina majumbani. Wataalamu wa siasa waliochambua takwimu walitofautiana: wapo walioona mchango mdogo, wapo wasioona wowote, kwa kuwa vita vya Iraq na ugaidi vilitawala mwaka ule. Ila wanasiasa hawakusubiri wataalamu wamalize. Wademokrat wengi waliamini wamepigwa kwa suala hili, na imani hiyo peke yake iliwafunga midomo kwa karibu miaka minane.

Kerry mwenyewe alikuwa miongoni mwa maseneta 14 waliosema hapana mwaka 1996, tena akiwa anatetea kiti chake mwaka huo. Mwaka 2004, akiwania urais, alisema anapinga ndoa hizo na anaunga mkono muungano wa kiraia.

5. Muungano wa kiraia ulikuwa wa nini?

Kisheria, uliwapa wapenzi wa jinsia moja haki nyingi za wanandoa bila jina la ndoa. Kisiasa, ulikuwa kituo cha kupumzikia katikati ya safari. Mgombea aliweza kuwaambia wafadhili wake wa New York kwamba anatetea haki, na kuwaambia waumini wa Ohio kwamba hajaigusa ndoa.

Hata kituo hicho kiliuma mwanzoni. Vermont ilikuwa ya kwanza, mwaka 2000, na gavana Howard Dean alitia saini faraghani. Novemba ya mwaka huo Wademokrat walipoteza udhibiti wa baraza la wawakilishi la jimbo. Dean mwenyewe alibaki.

## Wakati wa kugeuka

6. Je, Biden aliteleza ulimi mwaka 2012, au ulikuwa mpango?

Tarehe 6 Mei 2012, kwenye mahojiano ya televisheni ya Jumapili, Biden ambaye sasa alikuwa makamu wa rais alisema hana tatizo lolote na wanaume kuoana au wanawake kuoana. Tarehe 8 wapigakura wa North Carolina wakapitisha marufuku katika katiba yao kwa takriban asilimia 61. Tarehe 9 Obama akakaa na mtangazaji Robin Roberts wa ABC na kutamka kwamba anaunga mkono.

Wasaidizi wake walieleza baadaye kwamba rais alikwishaamua kutangaza kabla ya mkutano mkuu wa chama wa Septemba, na Biden akamharakisha. Naona maelezo hayo yana mantiki. Tangu 2010 Obama alikuwa akisema msimamo wake "unaendelea kubadilika", na Februari 2011 serikali yake iliacha kuitetea mahakamani ile sheria ya 1996. Njia ilikuwa imeshasafishwa, kilichobaki kilikuwa tarehe tu.

Hesabu ilikuwa hivi: vijana waliompa ushindi wa 2008 walikuwa wamepoa, na wafadhili wengi mashoga walikuwa wamechoka kusubiri. Hofu ilikuwa kwa wapigakura weusi wa makanisani. Siku 10 baadaye bodi ya NAACP, jumuiya kongwe ya kutetea haki za watu weusi, ikaunga mkono ndoa hizo. Novemba Obama alishinda kwa kura 332 za wajumbe wa majimbo wanaomchagua rais. North Carolina, aliyoichukua 2008, ilimponyoka. Siku hiyo hiyo Maine, Maryland na Washington ziliidhinisha ndoa hizo kwa kura ya wananchi, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na Minnesota ikakataa marufuku.

7. Kwa nini maseneta wengi walitangaza kwa pamoja mwaka 2013?

Kwa sababu wakati ulikuwa salama kuliko wakati wowote kabla ya hapo. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza kesi ya kupinga sheria ya 1996 mwishoni mwa Machi 2013. Hillary Clinton alitangaza kuunga mkono tarehe 18 Machi. Ndani ya wiki chache wakafuata Claire McCaskill wa Missouri, Jon Tester wa Montana, Tim Kaine wa Virginia, Bob Casey wa Pennsylvania, Bill Nelson wa Florida, Heidi Heitkamp wa North Dakota na Joe Donnelly wa Indiana.

Yatazame majina hayo saba vizuri. Wote walikuwa wamechaguliwa Novemba 2012, miezi mitano tu kabla. Muhula wa seneta ni miaka 6, kwa hiyo uchaguzi wao uliofuata ulikuwa 2018. Kati ya waliokuwa wakikabili uchaguzi wa 2014, Mark Warner na Kay Hagan walijitokeza, lakini Mark Pryor wa Arkansas na Mary Landrieu wa Louisiana hawakuthubutu. Joe Manchin wa West Virginia naye alikataa, ingawa kiti chake kilikuwa salama hadi 2018, kwa sababu jimbo lake lilikuwa la kihafidhina mno. Kufikia katikati ya Aprili hao watatu ndio Wademokrat pekee waliobaki. Pryor na Landrieu waliangushwa 2014 hata hivyo. Ukimya haukuwaokoa.

Kwenda kundi zima kuna faida nyingine: habari ya mtu mmoja aliyegeuka huandikwa wiki nzima, ya watu tisa husahaulika kwa pamoja.

8. Wanaosema "mwanangu ndiye aliyenibadilisha", tuwaamini?

Rob Portman, Mrepublican wa Ohio, alitangaza Machi 2013 kwamba amebadilika baada ya mwanawe kumweleza, mwaka 2011, kuwa ni shoga. Makamu wa rais Dick Cheney, ambaye binti yake Mary ni msagaji, alijitenga na Bush katika suala hili tangu 2004.

Mimi naamini hadithi hizi, kwa sababu zote mbili ziliwagharimu ndani ya chama na hazikuwa na kura za haraka za kuleta. Lakini kati ya Portman kujua na kutangaza ilipita karibu miaka miwili, na katikati yake jina lake lilikuwa likitajwa kama mgombea mwenza wa Mitt Romney, aliyewania urais kwa tiketi ya Republican mwaka 2012. Upendo wa mzazi unaeleza kwa nini alibadilika. Kalenda ya uchaguzi inaeleza kwa nini alisema mwezi ule.

## Gharama na malipo

9. Je, waliogeuka mapema waliadhibiwa?

Ilitegemea walitokea chama gani. Juni 2011 Seneti ya jimbo la New York iliidhinisha ndoa hizo kwa kura 33 dhidi ya 29. Warepublican wanne ndio waliotoa kura za ushindi, wakijua kwamba gavana Andrew Cuomo amewatafutia ngao ya fedha kutoka kwa matajiri wa Republican, akiwemo Paul Singer.

Fedha hazikutosha. James Alesi hakugombea tena. Roy McDonald aliangushwa kwenye mchujo. Stephen Saland alipita mchujo kwa shida, kisha kura za wahafidhina zikagawanyika na akashindwa Novemba 2012. Mark Grisanti pekee ndiye aliyerudi, naye akaanguka 2014. Kila Mrepublican aliyefikiria kugeuka aliwajua hao wanne kwa majina.

Majaji nao walionja. Novemba 2010 wapigakura wa Iowa waliwaondoa majaji watatu wa mahakama kuu ya jimbo, mwaka mmoja baada ya mahakama hiyo kuruhusu ndoa hizo.

10. Warepublican waliounga mkono mwaka 2022 walibadilisha nini?

Kwanza, Mahakama ya Juu ilikuwa imeshaamua mwaka 2015, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba ndoa hizo ni haki nchi nzima. Uamuzi huo uliwapa Warepublican wengi nafasi ya kunyamaza: wangeweza kusema jambo limeisha. Donald Trump alisema hivyo mara tu baada ya kuchaguliwa mwaka 2016. Pili, Juni 2022 mahakama ilipofuta haki ya utoaji mimba, jaji Clarence Thomas aliandika kwamba maamuzi mengine yaangaliwe upya, likiwemo la ndoa. Wademokrat wakaleta Sheria ya Kuheshimu Ndoa.

Kura ya Seneti iliahirishwa hadi baada ya uchaguzi wa Novemba, ili Warepublican wanaoyumba wasipigie kura wakiwa jukwaani. Tarehe 29 Novemba ikapita 61 dhidi ya 36, Warepublican 12 wakiwemo. Watatu kati yao walikuwa wanastaafu, Portman akiwa mmoja. Lisa Murkowski na Todd Young walikuwa wametoka kuchaguliwa. Muswada uliongezwa vifungu vya kulinda taasisi za dini, na Kanisa la Mormoni likauunga mkono, jambo lililompa Romney, ambaye sasa alikuwa seneta wa Utah, pa kusimama. Ni hesabu ile ile ya swali la 7, chama tofauti. Thom Tillis wa North Carolina hata hivyo alikemewa rasmi na chama cha jimbo lake mwaka uliofuata, na kura hiyo ilikuwa moja ya sababu.

## Nje ya Marekani

11. Cameron wa Uingereza alipata nini?

David Cameron, waziri mkuu wa wakati huo, alitaka kukisafisha chama chake kilichoonekana kizee na kikali. Mwaka 2011 aliwaambia Wahafidhina wenzake kwamba anaunga mkono ndoa hizo kwa sababu yeye ni Mhafidhina. Februari 2013 muswada ulipita 400 dhidi ya 175, lakini wabunge wengi zaidi wa chama chake waliupinga kuliko waliouunga mkono. Uliokolewa na upinzani.

12. Merkel aliruhusuje kura kisha akapiga hapana?

Huu ndio ufundi mkubwa kuliko wote niliouona. Juni 2017 vyama vya Ujerumani vya SPD, Kijani na FDP vilikuwa vimeifanya ndoa ya jinsia moja sharti la kuingia serikalini na kansela Angela Merkel, na uchaguzi ulikuwa Septemba. Jumatatu tarehe 26 Juni, kwenye mazungumzo ya jarida la Brigitte jijini Berlin, mwanamume mmoja alisimama na kumuuliza ni lini ataweza kumwita mpenzi wake mume. Merkel alisimulia juu ya wanawake wawili wa jimboni kwake wanaolea watoto wanane, kisha akasema angependa wabunge waamue kwa dhamiri zao.

Siku nne baadaye Bunge likapitisha kwa 393 dhidi ya 226. Merkel alipiga hapana. Wapinzani walinyang'anywa hoja miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na Wakatoliki wa Bavaria wakaona kansela hakuwasaliti.

13. Na huku kwetu Afrika Mashariki?

Ndoa hizo hazina mgombea anayezitetea, kwa hiyo hakuna wa kugeuka. Uganda ilizipiga marufuku katika katiba mwaka 2005, na katiba ya Kenya ya 2010 inataja haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti. Obama alipoligusa suala la haki za mashoga jijini Nairobi Julai 2015, Uhuru Kenyatta alijibu akiwa amesimama pembeni yake kwamba kwa Wakenya hilo si suala.

Hesabu yenyewe lakini ipo, ikielekea upande wa pili. Mwanzoni mwa 2014 Rais Museveni alikataa kutia saini muswada wa adhabu dhidi ya mashoga. Februari, kwenye kikao cha wabunge wa chama chake cha NRM huko Kyankwanzi, aliahidi kuutia. Kikao hicho hicho kilipitisha azimio awe mgombea pekee wa chama mwaka 2016. Tarehe 24 Februari alitia saini mbele ya waandishi wa habari. Waliolipa ni Waganda walioishi chini ya sheria hiyo hadi mahakama ilipoifuta mwezi Agosti kwa kukosa akidi bungeni.

## Maswali magumu

14. Nitajuaje aliyebadilika kweli?

Linganisha tarehe ya kauli na tarehe ya uchaguzi wake. Angalia alipiga kura gani, si alisema nini. Angalia kama alikuwa na cha kupoteza: Kerry wa 1996 alikuwa nacho, Kerry wa 2004 alikuwa nacho zaidi. Na usikilize lugha: anayesema "nilikosea" ni adimu, wengi husema "nimeendelea kutafakari", ili yale ya nyuma yasihesabike kuwa kosa.

15. Je, anaweza kugeuka tena na kurudi alikotoka?

Ndiyo, na dalili zipo. Sheria ya 2022 ilipopita mara ya kwanza katika Baraza la Wawakilishi mwezi Julai, Warepublican 47 waliiunga mkono. Iliporudi Desemba, walibaki 39. Miongoni mwa Warepublican wa kawaida, Gallup ilipata asilimia 55 wakiunga mkono mwaka 2021, na 41 mwaka 2025. Juni 2025 Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa zaidi la Kiprotestanti nchini humo, walipitisha azimio la kutaka uamuzi wa 2015 ubatilishwe. Novemba mwaka huo Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza ombi la namna hiyo kutoka kwa karani wa zamani wa Kentucky.

Ilani ya Republican ya 2024 iliondoa maneno ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, ikabakiza utakatifu wa ndoa kwa jumla, kauli ambayo kila upande unaweza kuisoma upendavyo. Anayetaka kujua kama maneno hayo yatarudi, afuatilie michujo ya chama hicho katika majimbo ya Kusini kuelekea 2028.